Mafungo ya wanafunzi wa sekondari: yaongozwe na wenzao, yahubiriwe na padri, au iwe siku moja shuleni?

Kuanzia Januari hadi Kwaresima, walimu wa dini katika shule za kanisa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hupokea ombi lile lile kutoka kwa wanafunzi wa madarasa ya juu: wanataka retrete, yaani mafungo ya kiroho. Wanapolitamka neno hilo kila mmoja ana picha yake. Mmoja amesikia kwa yaya wake, yaani kaka au dada yake mkubwa, habari za siku tatu ambazo wanafunzi wenyewe walisimama wakashuhudia, na watu wakalia. Mwingine anawazia nyumba ya watawa yenye ukimya, bustani na rozari. Wa tatu anataka asubuhi moja tu ya maungamo kabla ya mtihani wa serikali. Mkuu wa shule naye anahesabu gharama, na mama wa binti wa miaka 15 anajiuliza binti yake atalala wapi na pamoja na nani.

Mimi ni mwalimu wa dini, nimewasindikiza wanafunzi katika aina zote hizo, na nimeshuhudia kamati za maandalizi zikivunjika kwa sababu moja inayojirudia: watu wanabishana juu ya programu, nyimbo na chakula kabla hawajakubaliana mafungo hayo ni ya nini. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya wazazi, walimu, omonie (padri mlezi) wa shule na wanafunzi wenyewe ambao wamekwama kati ya njia hizi tatu.

Vigezo nitakavyovitumia ni hivi: lengo la mafungo, nani anayesema na kwa sauti gani, maandalizi yanayodaiwa, hasa kwa watu wazima, ulinzi wa siri na wa mtoto mwenyewe, mahali, muda na gharama, na mwisho kile kinachobaki wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Lengo nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote.

Aina tatu tunazozilinganisha

Katika mafungo yanayoongozwa na wenzao, kikundi cha wanafunzi waliotangulia, ama wa darasa la mwisho ama waliomaliza mwaka uliopita, huwaongoza wadogo wao kwa siku tatu mfululizo. Viongozi hao hutoa mazungumzo kutokana na maisha yao wenyewe, kisha washiriki huketi katika vikundi vya watu saba au wanane. Padri yupo kwa ajili ya Misa na kitubio, walimu wapo, lakini sauti inayosikika zaidi ni ya kijana. Mtindo huu una ukoo unaojulikana. Mizizi yake iko katika Cursillo, iliyoanza katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, miaka ya 1940, ambako walei walianza kuwashuhudia walei wenzao. Mwaka 1965, huko Battle Creek katika jimbo la Michigan, Marekani, yakazaliwa mafungo ya vijana yaitwayo Teens Encounter Christ, ambayo humpitisha mshiriki katika siku tatu za kufa, kufufuka na kutumwa pamoja na Kristo. Leo shule nyingi za Kikatoliki za Marekani, zikiwemo za Wajesuiti, zina mafungo yaitwayo Kairos, neno la Kigiriki linalomaanisha wakati uliowadia.

Hata hivyo nisingependa mtu adhani kwamba tunaletewa kitu kigeni. Mwaka 1856, mjini Turin, Domenico Savio na wenzake waliunda shirika dogo la wavulana waliojipa kazi ya kuwatunza wavulana wapya na wale wagumu katika nyumba ya Don Bosco, na Wasalesiani, watawa wa shirika lake, waliokulia katika moyo huo walifika hapa mwaka 1911. Nao wazee wetu wa Jamaa, vuguvugu lililoanza Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa padri Mfransisko Placide Tempels, walijua zamani kwamba mtu anapomfungulia mwenzake moyo mbele ya Mungu, wote wawili hukua.

Aina ya pili ni mafungo yanayohubiriwa. Padri, mtawa au mchungaji hutoa mafundisho mawili au matatu kwa siku, na muda uliobaki ni wa ukimya, kusoma Maandiko, kutembea peke yako, kuabudu na kuungama. Wengi wanaoyatoa hufuata, kwa karibu au kwa mbali, Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua siku kama 30. Kwa wanafunzi huwa siku mbili au tatu, na Inyasi mwenyewe aliagiza kwamba yapimwe kulingana na umri, elimu na uwezo wa anayeyafanya.

Aina ya tatu ni rekoleksio ya siku moja, shuleni au parokiani, inayoanza asubuhi na kumalizika alasiri. Wenzetu wa makanisa ya Kiprotestanti wana kambi za Biblia, kama zile za Ligue pour la Lecture de la Bible, ambazo mara nyingi huchanganya aina ya kwanza na ya pili. Wao pia wanaweza kutumia vigezo hivi.

Lengo

Mafungo yanayoongozwa na wenzao hayakuwekwa ili kufundisha katekisimu. Lengo lake ni kumwonyesha kijana kwamba imani inaishi ndani ya mtu anayekaa kwenye benchi kama lake, anayesukumana kupanda taksibisi kama yeye, aliyeshindwa hesabu kama yeye na aliyefukuzwa darasani kwa sababu ya minervali (karo) kama yeye. Katika Injili ya Yohane, Andrea hakungoja kuwa mwalimu ndipo amwite ndugu yake. Siku ile alipokaa na Yesu alimtafuta Simoni, akamwambia amempata Masiya, akampeleka kwake. Hiyo ndiyo kazi yote ya kiongozi kijana: kumpeleka ndugu yake, kisha kusogea pembeni. Ndani ya lengo hilo kuna hatua ambazo mafungo mazuri hayaziruki. Kijana kwanza hujitazama bila kujificha, kisha hugundua kwamba anapendwa jinsi alivyo, na Mungu na watu pia, na mwishoni hutumwa kuwapenda wengine. Ukianza na kutumwa, unapata vijana wa makelele. Ukiishia kwenye kujitazama, unawarudisha nyumbani wakiwa na majonzi.

Hatua ya katikati, ile ya kugundua kwamba unapendwa, mara nyingi hupitia barua. Desturi ni kwamba wazazi, ndugu au rafiki humwandikia mshiriki bila yeye kujua, na barua zote hugawanywa usiku wa pili. Namkumbuka mvulana mmoja aliyepokea karatasi ya daftari la miraba, imekunjwa mara nne, na pembeni ina alama ya kidole yenye weusi wa makala, yaani makaa. Mama yake anauza makala mbele ya nyumba na hakusoma hadi mbali, alikuwa amesema maneno, dada mdogo akayaandika kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Mutoto yangu, sikuambiaka hii neno. Bushiku ukisomaka na buji, mi silalake, nakuangaliaka." (Yaani: usiku unaposoma kwa mshumaa, mimi silali, nakuangalia.) Mvulana aliisoma akiwa amesimama kando ya pipa la maji, akaikunja, akapiga hatua tatu kuelekea kapela, akasimama, akaifungua tena. Nilikuwa nimemfundisha mvulana yule miaka miwili kwamba Mungu ni Baba anayeona sirini. Usiku ule alilielewa.

Kuna lengo jingine ambalo wazazi hawalioni haraka, nalo ni malezi ya viongozi wenyewe. Papa Fransisko, katika wosia wake kwa vijana wa tarehe 25 Machi 2019, alisema wazi kwamba vijana ndio watendaji wa utume wa vijana, wakisaidiwa na kuongozwa lakini wakiachiwa uhuru wa kubuni njia mpya. Kwa maoni yangu, wanaovuna zaidi katika mafungo ya aina hii ni wale wanane au kumi walioyaandaa, kwa sababu kijana anayelazimika kuieleza imani yake mbele ya wadogo zake anagundua kama anayo.

Lengo la mafungo yanayohubiriwa ni tofauti, na lisipimwe kwa mizani ya lile la kwanza. Hapa kijana anafundishwa kubaki peke yake na Mungu. Nabii Eliya, pale Horebu, hakumkuta Bwana katika upepo, wala tetemeko, wala moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu, na sauti ndogo haisikiki pale ambapo kuna watu sitini wanaoimba. Tukumbuke pia watoto wetu wanaishi wapi. Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano, anayeamshwa na redio ya jirani na kuitwa kila dakika kuchota maji, huenda hajawahi kukaa saa moja bila mtu kumtaja jina. Nimemwona msichana akiwekwa chini ya mwembe na Injili ya Marko, dakika ishirini za mwanzo akihangaika kama mtu aliyepotelewa na kitu, kisha mabega yake yakashuka, na aliporudi baada ya saa mbili akauliza kama kesho angeweza kurudishwa kwenye mti ule ule. Yapo mambo ambayo barua hazigusi na ambayo ukimya wa namna hiyo huyafikia.

Rekoleksio ina lengo dogo, na halina sababu ya kuona haya: kusimama kidogo katikati ya mbio za muhula, kujichunguza, kupokea kitubio na Ekaristi, kuendelea na safari.

Nani anasema, na kwa sauti gani

Katika mafungo ya wenzao kijana husema kwa lugha ya uani. Kifaransa cha darasani hukaa pembeni, na pamoja nacho hukaa pembeni ile tabia ya kujibu kile ambacho mwalimu anataka kusikia. Faida hiyo ni kubwa sana, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi wamezoea kusali kwa maneno waliyoyakariri na hawajawahi kumwambia Mungu kitu katika lugha wanayoitumia kulalamika na kucheka. Udhaifu wake nao ni dhahiri: kijana wa miaka 18 hawezi kumjibu mwenzake kwa nini Mungu aliacha baba yake afukiwe na udongo machimboni, na akijaribu kujibu ataumiza. Kiongozi aliyeandaliwa vizuri hujua kusema, "Sijui, ila niko hapa na wewe," halafu akamsindikiza mwenzake kwa padri au kwa mama mlezi.

Mhubiri mzuri ana kina ambacho kijana hana. Amesoma, amewasikiliza watu wengi, na anaweza kuyakabili bila woga maswali ambayo kwetu ni mazito: tuhuma za uchawi ndani ya familia, ujinsia, baba mwenye nyumba mbili, hamu ya kuacha shule. Lakini mhubiri anayepiga kelele kwa saa mbili amekosea hata kwa kipimo cha Inyasi, aliyemtaka mwongozaji wa mazoezi asimsukume mtu upande huu wala ule, bali amwache Muumba ashughulike moja kwa moja na kiumbe chake. Kabla ya kumwalika mhubiri, uliza kwanza kama anajua kunyamaza.

Katika rekoleksio, mwalimu yeyote wa dini au padri wa parokia anatosha, mradi asijaze siku nzima kwa mafundisho.

Maandalizi na kazi ya watu wazima

Watu wengi hudhani kwamba mafungo yanayoongozwa na wanafunzi huwapunguzia watu wazima kazi. Ukweli ni kwamba yanawaongezea, ila kazi yenyewe haionekani. Tunahitaji wiki nane hadi kumi za matayarisho. Viongozi huchaguliwa bila kufuata alama za darasani wala ufasaha wa kusema; tunatafuta wale ambao wadogo wao huwafuata bila kuitwa, na siku zote tunaweka ndani mmoja au wawili wenye haya. Kila mazungumzo huandikwa, husomwa mbele ya mlezi, hurekebishwa, husomwa tena.

Mwaka juzi msichana mmoja alileta daftari lake lenye kurasa nne juu ya mwaka mgumu aliokaa kwa mjomba wake. Mama mlezi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mjomba wako amekubali jambo hili lisemwe?" Msichana alikaa kimya, akachukua kalamu, akafuta aya mbili za katikati kwa mistari iliyonyooka, akitumia ukingo wa kitabu cha nyimbo kama rula. Kilichobaki kilikuwa kifupi na cha kweli zaidi, kwa sababu sasa kilimhusu yeye na Mungu wake. Tunawaambia viongozi wote: kidonda kilichopona kisimuliwe, kibichi kitibiwe kwanza.

Mafungo yanayohubiriwa hudai kazi kidogo zaidi: kumpata mhubiri mapema, kuwaeleza wanafunzi ukimya ni nini na kwa nini, kuhakikisha kuna mapadri wa kutosha kwa maungamo. Kosa la kawaida ni kuwapeleka wanafunzi tisini kwenye ukimya bila kuwafundisha cha kufanya ndani yake. Hapo ukimya hugeuka adhabu, na adhabu hugeuka minong'ono. Rekoleksio inaweza kuandaliwa kwa wiki moja.

Siri, machozi na usalama wa mtoto

Katika kigezo hiki mafungo ya wenzao ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na nalisema hili nikiwa mtu anayeyapenda. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuyasimamia niliwahi kumruhusu mvulana aseme bila kusoma andiko lake, kwa kuwa muda ulikuwa umetubana. Alieleza jambo la baba yake ambalo hata mama yake alikuwa hajalijua lote. Vikundi vililia, nikadhani Roho amefanya kazi. Jumatatu uwanja wote wa shule ulikuwa unalisimulia, na mvulana yule hakuonekana darasani kwa wiki mbili. Kosa lilikuwa langu, na nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao kuomba msamaha.

Tangu hapo nawafundisha viongozi tofauti ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Siri ya kitubio humfunga padri kabisa, bila ubaguzi wowote. Siri ya kikundi hufungwa na heshima ya watoto wanane tu. Kwa hiyo hakuna anayelazimishwa kusema, na kila mshiriki huambiwa mwanzoni kwamba anaweza kupita zamu yake bila kuulizwa sababu. Tena, kiongozi kijana haruhusiwi kamwe kuahidi siri kwa mwenzake anayesema kwamba anapigwa, anaguswa vibaya au anafikiria kujiua. Wajibu wake ni kumleta kwa mtu mzima aliyeteuliwa, usiku uo huo. Machozi nayo si kipimo. Mtoto aliyelala kwa muda wa saa tatu tu, asiyekula vizuri na anayeimbiwa nyimbo za huzuni gizani atalia hata pasipo Mungu, na ni dhambi kuuita uchovu wake uongofu. Taa zizimwe saa nne usiku, watoto walale.

Mafungo ya Marekani ya aina hii huwa na desturi ya kutosimulia kinachofanyika ndani, ili wajao wasipoteze mshangao. Hapa kwetu sishauri hivyo. Mji wetu umejaa vikundi vya sala vinavyojifungia, na hata Jamaa, pamoja na uzuri wake wote, ilichunguzwa na kuwekewa masharti na maaskofu katika miaka ya 1970 kwa sababu ya kuwa na mafundisho ya ndani ambayo wengine hawakuyajua. Mpe mzazi ratiba nzima. Ficha barua tu, kwa kuwa mzazi mwenyewe ndiye anayeziandika.

Katika mafungo yanayohubiriwa hatari hii ni ndogo, ingawa kuna nyingine: mtoto mwenye mzigo mzito anaweza kubaki nao peke yake kwa siku mbili bila mtu kumtambua, hivyo kila mshiriki apate angalau mazungumzo mafupi ya ana kwa ana na mlezi, mahali panapoonekana na wengine. Rekoleksio ndiyo salama kuliko zote, kwa sababu jioni kila mtoto yuko kwao.

Mahali, muda na gharama

Kulala nje ndiko kunakogharimu. Mafungo ya siku tatu kwa wanafunzi hamsini yanahitaji mabweni mawili yaliyotenganishwa, akina mama wanne jikoni, magunia ya unga kwa ajili ya bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), ndakala (samaki wadogo wakavu), mafuta, makala, na usafiri wa kwenda na kurudi ikiwa nyumba iko nje ya mji, upande wa Kipushi au barabara ya Likasi. Sisi huruhusu familia kulipa kwa unga au makala, na hakuna mtoto anayebaki nyumbani kwa ajili ya faranga. Mafungo yanayohubiriwa huhitaji nyumba tulivu zaidi lakini kikundi kidogo, jambo linalosawazisha hesabu. Rekoleksio hugharimu mkate, chai na nauli ya padri.

Kuhusu majira, Kwaresima huangukia wakati wa mvua, na mvua kubwa juu ya mabati hufuta kabisa sauti ya kijana anayeshuhudia. Chagueni ukumbi wenye dari. Juni usiku ni baridi kali kwa mtoto asiye na blanketi, na tena wafinalisti, yaani wanafunzi wa darasa la mwisho, wakati huo wana mtihani wa serikali vichwani mwao.

Baada ya kurudi nyumbani

Mafungo ya wenzao humrudisha mtoto akiwa amewaka, na baada ya siku kumi moto hupungua. Cursillo ina jina zuri kwa hilo: siku ya nne, yaani maisha yote yanayofuata siku tatu za mafungo. Pasipo siku ya nne, kazi yote hupotea. Vikundi vile vile vikutane kila wiki mbili hadi mwisho wa mwaka wa shule, hata kwa nusu saa baada ya masomo, na wengine waelekezwe kwenye vyama vya vijana vya Xaveri na Kiro au kwaya. Mafungo yanayohubiriwa huwasha moto mdogo zaidi lakini huacha desturi: mwanafunzi aliyejifunza kusoma Injili kwa dakika kumi anaweza kuendelea bila kumtegemea mtu, hata akihamia Kolwezi kutafuta kazi. Rekoleksio moja huacha kidogo. Rekoleksio tatu kwa mwaka, miaka minne mfululizo, hulea dhamiri kwa namna ambayo sijaona ikifikiwa na jambo lolote la usiku mmoja.

Kuchagua kwa kufuata hali yenu

Kama wanafunzi wenu ni wa madarasa mawili ya mwisho, wanajuana kwa majina lakini hawajuani mioyo, na mna walezi wanne watakaokubali kusikiliza madaftari kwa miezi miwili na kulala pale usiku wote, basi mafungo yanayoongozwa na wenzao yatawafaa sana. Yanamfaa hasa kijana aliyelelewa ndani ya kanisa ambaye imani kwake imekuwa kama sare ya shule, na yule anayedhani matatizo ya nyumbani kwao ni ya kwao peke yao.

Kama kikundi ni kidogo, au kina vijana wanaotafakari wito, au kina wale waliochoshwa na makelele na mikesha, chagueni mafungo yanayohubiriwa. Vivyo hivyo kama katika mwaka huu shule imepata msiba mkubwa: wanafunzi wanaoomboleza wasipewe jukumu la kuwabeba wenzao, wampate mtu mzima mwenye hekima, na nafasi ya kunyamaza. Kijana mwenye haya, ambaye kuzungumza mbele ya watu saba ni mateso kwake, naye huchanua zaidi hapa, ingawa nimewaona wachache walioshangaza wote kwa kuomba kuwa viongozi mwaka uliofuata.

Kwa watoto wa miaka 12 hadi 14, rekoleksio inatosha, na kwa wafinalisti waliobakiza wiki chache kabla ya mtihani vilevile. Wazazi wasiotaka binti yao alale nje wana haki yao. Waiteni waione nyumba, wamsalimu mama atakayelala bwenini, na kama bado hawakubali, msimwaibishe mtoto wao.

Na kama mnayatamani mafungo ya wenzao lakini walezi hawajapatikana, msiyafanye mwaka huu. Fanyeni rekoleksio tatu katika mwaka, na katika kila moja mpeni mwanafunzi mmoja dakika kumi za kusema, andiko lake likiwa limesomwa kabla. Watazameni wale ambao wadogo wao wanawafuata wakati wa mapumziko, kwenye bomba la maji na chini ya miti, na mwandike majina yao. Mwaka ujao mtakuwa na viongozi wenu, na huenda akina mama wawili waliowaona watoto hao wakisema watakuja wenyewe kuuliza kama bweni linahitaji mlezi.